Kutoka Shira hadi Barranco kupitia Mnara wa Lava: mwongozo wa siku moja kwenye njia ya Machame, Kilimanjaro

Katika siku sita au saba ambazo mpandaji hutumia kwenye njia ya Machame, ipo siku moja ambayo hesabu yake haieleweki kwa haraka. Mtu huamka kambi ya Shira, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, akapanda hadi kwenye mwamba mkubwa uitwao Lava Tower, ambao katika mwongozo huu nitauita Mnara wa Lava, karibu mita 4,600, kisha akashuka mpaka kambi ya Barranco iliyo karibu mita 3,950. (Vibao vya hifadhi, ramani na saa za mkononi hutofautiana kwa makumi ya mita, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta namba nyingine.) Baada ya kilomita kumi hivi na mwendo wa saa sita hadi nane, analala mita 150 tu juu ya pale alipoamkia, na hapo ndipo wengi hujiuliza kwa nini wamechoshwa bure.

Hawakuchoshwa bure. Kwenye mita 4,600 hewa ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Tanga au Mombasa, yaani takriban asilimia 21, lakini mgandamizo wake umeshuka chini ya asilimia 60 ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwili ukionjeshwa hali hiyo kwa saa moja au mbili hulazimika kuongeza kasi ya kupumua na kuanza kujirekebisha, na ukirudishwa chini kulala hupata nafasi ya kumalizia kazi hiyo bila kuelemewa. Madaktari wa milimani hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasiongezeke kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na siku hii inatimiza sharti hilo huku ikikuonyesha mapema kimo kinachokaribia kile cha kambi ya Barafu, ambako safari ya kileleni huanzia. Kwa maoni yangu hii ndiyo siku yenye faida kuliko zote kabla ya usiku wa kilele, na kila hatua iliyoandikwa hapa inalenga kuhakikisha kwamba faida hiyo haipotei.

Hatua ya kwanza: pakia begi lako jioni, ukiwa na taarifa moja kichwani

Taarifa hiyo ni kwamba wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe, kwa kawaida hawapiti Mnara wa Lava. Wao hushika njia ya chini inayokwenda moja kwa moja Barranco, kwa sababu wanapaswa kufika mapema, kusimamisha mahema na kuchemsha maji kabla wewe hujafika. Maana yake ni kwamba chochote utakachokiacha kwenye begi kubwa hutakiona tena mpaka alasiri, hata kama utakihitaji saa sita mchana ukiwa kwenye baridi kali.

Hili nilijifunza vibaya. Mara yangu ya kwanza asubuhi ya Shira ilikuwa na jua zuri, nikaona glavu nene na suruali ya mvua ni mzigo usio na maana, nikazisukumia kwenye begi kubwa. Tulipofika kwenye mnara ilianza kunyesha theluji iliyochanganyika na mvua, na nilikula chakula cha mchana nikiwa nimefumbata kikombe cha chai kwa vidole ambavyo havikuweza hata kufunga zipu, wakati glavu zangu zilikuwa zimeshatangulia Barranco zikiwa kavu kabisa.

Kwa hiyo weka mgongoni mwako koti la mvua na suruali yake, sweta nene au koti la manyoya, glavu, kofia ya sufu pamoja na kofia ya jua, miwani ya jua, maji lita tatu, vitafunwa, karatasi za chooni pamoja na mfuko wa kurudishia zilizotumika, na dawa zako binafsi. Begi lenyewe lisizidi kilo sita au saba maji yakiwemo. Maji yawe kwenye chupa za kudumu au mfuko wenye mrija, kwa kuwa chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019. Betri ya simu hufa upesi kwenye baridi, kwa hiyo ilaze ndani ya mfuko wa kulalia usiku, na mchana itembee kwenye mfuko wa nguo ya ndani.

Neno kwa ndugu zangu wa nyumbani. Nimekutana na Watanzania waliopanda na suruali ya jinzi na raba za mtaani kwa hoja kwamba mlima ni wetu. Mlima ni wetu, lakini jinzi ikilowa haikauki siku hiyo, na pamba iliyoloa jasho hunyonya joto la mwili mara unaposimama. Vaa vitambaa vyepesi vinavyokauka haraka, na kama huna vifaa, maduka ya kukodisha yapo Moshi na Arusha. Vilevile usidanganywe na rangi ya ngozi: mionzi ya jua huwa mikali zaidi kadiri unavyopanda, midomo hupasuka na pua hubabuka hata kwa sisi weusi, kwa hiyo mafuta ya kujikinga na jua yapakwe asubuhi na yarudiwe mchana.

Hatua ya pili: jipime kabla hujatoka Shira

Kuamka huwa saa 12 asubuhi, na mara nyingi mahema huwa yameganda umande. Mhudumu huleta chai, kisha beseni la maji ya moto ambalo kwenye mlima wote huitwa washi-washi. Kabla ya kufurahia vyote viwili, jiulize maswali manne: Je, kichwa kinauma, na kama kinauma, je, kilipungua baada ya kunywa maji na kupumzika? Je, nina kichefuchefu au nimetapika? Je, nasikia kizunguzungu? Je, uchovu nilionao ni wa miguu tu, au ni wa mwili mzima kiasi cha kutotaka hata kuvaa viatu?

Kuumwa kichwa kidogo asubuhi ya tatu ni jambo la kawaida, lakini kuumwa kichwa pamoja na mojawapo ya dalili nyingine tatu kuhesabiwe kuwa ni ugonjwa wa kimo mpaka ithibitike vinginevyo. Mweleze kiongozi wako waziwazi. Viongozi wengi hubeba kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho kinasaidia, ila namba yake isichukuliwe kuwa hukumu: vidole vyenye baridi hutoa namba za uongo, na wapo watu wenye namba nzuri walio wagonjwa, pamoja na wenye namba mbaya wanaotembea bila shida. Maelezo ya kweli kutoka kinywani mwako yana uzito zaidi. Usifiche, na usimhurumie kiongozi kwa kudhani utamharibia ratiba, kwani kazi yake ya kwanza ni kukurudisha ukiwa hai.

Kuna sababu nyingine ya kufanya ukaguzi huu Shira na si mbele ya safari. Uwanda wa Shira unafikiwa na barabara ya magari kutokea upande wa magharibi, hivyo mgonjwa aliye Shira anaweza kuteremshwa kwa gari bila kutembea sana. Ukishavuka kwenda Barranco, barabara hiyo iko nyuma ya mwinuko wa mita 800, na wakati wa dharura utategemea miguu yako, machela, au helikopta kama mawingu yataruhusu. Uamuzi wa kuendelea au kupumzika siku moja ni rahisi zaidi ukifanywa mezani Shira kuliko ukifanywa katikati ya mawe.

Wanaotumia asetazolamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, waendelee nayo kama daktari alivyoagiza na wasishtuke vidole vikiwasisimka au wakikojoa mara nyingi, kwa kuwa hayo ni matokeo ya kawaida ya dawa hiyo. Asiyewahi kuitumia asiombe kidonge cha jirani asubuhi hiyo, na mwenye mzio wa dawa za salfa hapaswi kuigusa bila ushauri wa daktari. Dawa za usingizi na pombe ziachwe kabisa, kwani hupunguza kasi ya kupumua wakati wa usiku, jambo ambalo mwili kwenye kimo hiki hauwezi kulimudu.

Kisha kula, hata kama hamu imepungua. Uji utangulie, kwa sababu hushuka hata kwa mtu asiyetaka chakula, ndipo mayai na mkate vifuate. Jaza chupa zako kwa maji yaliyochemshwa na mpishi, wala si kwa maji ya kijito, hata kama yanaonekana safi.

Hatua ya tatu: toka polepole, na uendelee kuwa polepole

Kuondoka ni saa 2 asubuhi. Njia huelekea mashariki, Kibo kikiwa mbele yako, na nyuma kuna uwanda wa Shira ambao ni mabaki ya volkeno kongwe kuliko zote tatu zilizounda Kilimanjaro, yaani Shira, Mawenzi na Kibo. Mwinuko ni wa taratibu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtu mwenye mapafu mazuri huona anaweza kutembea kama anavyotembea mjini.

Kipimo cha mwendo sahihi ni mazungumzo. Kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda haraka mno. Usisubiri uchoke ndipo upunguze. Mwendo wa saa ya kwanza uwe ni ule ambao ungeweza kuushika saa ya tano. Jaribu kuvuta pumzi kwa hatua mbili na kuitoa kwa hatua mbili, na njia inapokuwa kali vuta kwa hatua moja na kutoa kwa hatua moja, ukishusha kisigino chote chini badala ya kupanda kwa vidole vya miguu. Wageni husikia neno «pole pole» likirudiwa mpaka wakaligeuza kuwa mzaha. Sisi tunaolielewa tangu utotoni ndio mara nyingi tunaolidharau, labda kwa kuwa tunalisikia kama ushauri wa kawaida na si kama dawa.

Wapagazi watakupita, wakiwa na mizigo kichwani au mabegani ambayo kwa kanuni haipaswi kuzidi kilo 20 za mzigo wa kampuni. Simama upande wa mlimani, si upande wa bondeni, uwapishe, kwani aliyebeba hana nafasi ya kukwepa. Wasalimie ipasavyo: aliye mkubwa kwako kwa umri anastahili shikamoo hata akiwa amebeba mtungi wa gesi, na anayekupisha wewe anastahili asante.

Kunywa maji kidogo kidogo kila baada ya dakika ishirini hivi badala ya kusubiri kiu. Mkojo wenye rangi hafifu ya njano ndiyo dalili kwamba unakwenda sawa. Mapumziko yawe mafupi, ya dakika tano, na koti livaliwe mara unaposimama, kabla ya jasho kupoa.

Baada ya saa moja au mbili magugu na vichaka huanza kutoweka, na kinachobaki ni mawe, mchanga na mimea michache iliyojificha nyuma ya miamba. Njia ya Lemosho, ambayo ni njia nyingine ya kupandia mlima huu, hujiunga katika sehemu hii na watu huongezeka, kwa hiyo msiwe na haraka ya kupita makundi mengine.

Hatua ya nne: amua kwenye njia panda

Kabla ya kufika kwenye mnara njia hugawanyika. Tawi la juu linakwenda Mnara wa Lava, na la chini linakwenda Barranco moja kwa moja, likiokoa muda na mita mia kadhaa za kupanda. Hapa kiongozi atakutazama usoni kwa makini kuliko ulivyodhani.

Mtu mzima wa afya, mwenye uchovu wa kawaida tu, apite juu, hata kama ukungu umetanda na hakuna cha kuona. Kupita chini kwa sababu ya uvivu ni kujinyima maandalizi ambayo hutayapata tena kabla ya Barafu. Lakini mtu mwenye maumivu ya kichwa yanayozidi, anayetapika, au aliyeanza kujikwaa bila sababu apite chini bila mjadala, tena asiwe peke yake. Kundi linaweza kugawanyika, mradi kila sehemu iwe na kiongozi au msaidizi wake, na mradi imeshakubaliwa watakutana wapi.

Hatua ya tano: Mnara wa Lava ni mahali pa kula

Mwamba huu mweusi ni mabaki ya lava ngumu, na unasimama peke yake juu ya uwanja wa mawe. Ukifika, fanya mambo kwa mpangilio huu: vaa koti kwanza, kaa, kunywa kitu cha moto, ndipo ule. Makundi mengine hupikiwa hapo, na mengine hubeba chakula cha boksi; vyovyote iwavyo, mchuzi au supu huenda vizuri zaidi kuliko kitu kikavu. Kunguru wakubwa wenye baka jeupe shingoni watakuwa karibu nawe wakisubiri. Hawaogopi watu, hufungua hata zipu, na hawapaswi kulishwa.

Karibu kila mtu hupata kichwa kizito hapa, na hilo peke yake lisikutie hofu. Kinachotafutwa ni mambo mengine mawili. La kwanza ni kuyumba: mwambie mwenzako atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa kidole gumba cha mwingine, na kama hawezi au anaongea maneno yasiyounganika, huenda ubongo umeanza kuvimba. La pili ni pumzi: mtu anayehema akiwa ameketi, anayekohoa mfululizo, au anayetoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, mapafu yake yanajaa maji. Hali zote mbili huua. Tiba yake ya kwanza ni kushuka papo hapo, na oksijeni au dawa walizonazo viongozi ni za kusaidia mtu aweze kushuka, si za kumfanya aendelee kukaa juu.

Kama hakuna dalili hizo, kaa dakika arobaini mpaka saa nzima. Usilale usingizi, kwa kuwa pumzi ya aliyelala hupungua, na usikimbilie kupanda mwamba ili upige picha.

Hatua ya sita: kushuka kwenda Bonde la Barranco

Mteremko una urefu wa mita 650 hivi kwa kimo, na huchukua saa mbili mpaka tatu. Sehemu ya kwanza ndiyo mbaya: mawe yamelegea, kuna vijito vya kuvuka, na asubuhi au baada ya theluji huweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo cha mguu kabla ya kuanza, ili vidole visigonge mbele ya kiatu. Kucha nyingi nyeusi za Kilimanjaro huanzia hapa na kwenye mteremko wa Mweka, njia ya kushukia baada ya kilele. Refusha fimbo zako kidogo, piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na acha nafasi ya kutosha kati yako na aliye mbele. Ukihisi sehemu ya ngozi inachoma ndani ya kiatu, simama wakati huohuo ubandike plasta, maana lengelenge lililopuuzwa kwa nusu saa hukaa na wewe mpaka kileleni.

Kadiri unavyoshuka, kichwa huwa chepesi na mimea hurudi, nayo ni ya aina isiyosahaulika. Miti mirefu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabeji ni senesio wakubwa, na aina hii, Dendrosenecio kilimanjari, haioti kwingine duniani ila mlima huu. Majani yao makavu hayadondoki bali hubaki yamelizunguka shina kama blanketi dhidi ya baridi ya usiku. Karibu nao kuna lobelia, ambazo huhifadhi maji katikati ya majani. Usiku maji hayo huganda juu tu na kukilinda kichipukizi kilicho chini. Kwa hiyo kuchuna majani makavu ya senesio ili kukalia au kuwashia moto ni kuuvua mti nguo, na moto wa kuni umekatazwa hifadhini kwa vyovyote.

Hatua ya saba: ukifika kambini

Kwanza jiandikishe kwenye kitabu kilichopo katika kibanda cha askari wa hifadhi, kwa mkono wako mwenyewe, kwani kitabu hicho ndicho kitakachoonyesha ulipoonekana mara ya mwisho endapo utatafutwa. Kisha badili nguo zilizolowa jasho kabla ya kukaa, hata kama hujisikii baridi. Jua hutoweka bondeni mapema, na baada ya hapo baridi huingia ghafla.

Kunywa chai na kula bisi ambazo wapishi huandaa alasiri, kisha tembea taratibu ndani ya kambi badala ya kujitupa ndani ya hema. Rudia yale maswali manne ya asubuhi kabla ya chakula cha jioni. Mtu aliyekuwa na kichwa kibaya kwenye mnara na sasa amepata nafuu ameshapata alichokifuata. Yule ambaye hali yake haijabadilika au imezidi baada ya kushuka mita 650 asipange kuendelea kupanda kesho yake, na kiongozi aambiwe usiku huohuo, si asubuhi.

Upande wa mashariki utauona Ukuta wa Barranco, ambao ndio mwanzo wa siku inayofuata. Ukiwa chini, hasa jioni, huonekana kama hauna njia, na watu hupoteza usingizi kwa sababu yake. Unapandwa kwa miguu na mikono bila kamba, nao wapagazi huupanda na mizigo kichwani. Kwa hiyo usiku huu fimbo zako zikunjwe na kufungwa kwenye begi, kwa sababu pale ukutani utahitaji mikono yote miwili, na glavu nyembamba ziwekwe mfuko wa juu. Taa ya kichwani ilale karibu na mkono, maana lita tatu ulizokunywa mchana zitakuamsha usiku wa manane, na njia ya kwenda chooni Barranco ina kamba za mahema kila baada ya hatua mbili.